Mji wa Vibaraza: Namna ya Kuitembea Katikati ya Dar es Salaam

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wageni na wanajamii, jioni ya maadhimisho ya hekalu



Kamati ya maadhimisho ilitupa nusu saa na ombi lililoonekana jepesi: tuwaeleze wageni namna ya kuutembea mji huu. Tumeambiwa kwamba baadhi yenu, mlipouliza huko mlikofikia ni kitu gani cha kutazama katikati ya jiji, mlijibiwa kwamba hakuna kitu, afadhali mpande boti mwende Unguja. Jibu hilo tumelizoea. Hutolewa hata na watu waliozaliwa Kisutu. Sisi tunaosimama mbele yenu jioni hii tumekuwa na desturi, kwa miaka kadhaa sasa, ya kuutembea mji Jumapili asubuhi pamoja na yeyote anayependa kufuatana nasi, na hatukubaliani na jibu hilo hata kidogo. Tena tuna sababu ya kulipinga leo kuliko jana, kwa kuwa majengo tunayotaka kuwaonyesha yanapungua. Mara nyingi tunaporudi katika mtaa tuliouacha mwaka uliotangulia tunakuta uzio wa mabati mahali palipokuwa na roshani ya mbao.

Siku iliyo bora ni Jumapili, na saa iliyo bora ni 12 na nusu asubuhi. Siku za kazi mji huu ni wa magari, mikokoteni, wachukuzi na watu wenye haraka; na jua likishapanda, hata mwenyeji hutafuta ukuta wa kujibanza. Jumapili asubuhi maduka yamefungwa na milango ya chuma imeshushwa, na kwa sababu hiyo macho hupata nafasi ya kupanda juu ya mabango hadi ghorofani, ambako ndiko kwenye mambo. Vaeni viatu vya kutembelea. Chukueni maji. Simu ziwekeni ndani mpaka mtakapozihitaji, na msipige picha Ikulu, wala bandari, wala askari walio kazini. Hilo halina mjadala.

Anzieni Feri, yaani soko la samaki la Magogoni, pale penye mlango wa bandari. Wengi wetu katika ukumbi huu hatuli samaki, na harufu ya pale haimstahi mtu. Hata hivyo tunawaomba msimame dakika kumi upande unakotoka upepo. Mtaona mnada ukiendeshwa kwa kasi ambayo mgeni hajui bei imefika wapi, mama lishe wakipuliza mikaa, na pantoni ikivuka kwenda Kigamboni imejaa watu, pikipiki na magunia. Kisha tazameni maji yenyewe. Mlango wa bandari pale ni mwembamba, kiasi kwamba meli ya makontena inapoingia huonekana kana kwamba inapita barabarani nyuma ya miti. Wembamba huo ndio ulioujenga mji. Ndani yake maji yametulia na yana kina, na mawimbi ya kusi na kaskazi hayawafikii waliotia nanga. Nje kulikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari hiyo, na katika miaka ya 1860 akaanza kujenga mji wake na kuupa jina la Dar es Salaam, makazi ya amani. Alifariki mwaka 1870 na kazi ikalala. Wajerumani walipoyahamishia hapa makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, mwaka 1891, walikuta majumba machache ya Majid, minazi mingi, na familia za wafanyabiashara zilizokuwa zimekwisha kushika nafasi zao karibu na pwani. Baadhi ya familia hizo zilitoka kulekule walikotoka babu zetu.

Kutoka Feri fuateni Barabara ya Kivukoni, bahari ikiwa mkono wenu wa kushoto. Hapa hatutawachelewesha, kwa kuwa vitabu vya wageni vimeieleza sehemu hii vya kutosha. Kanisa la Kilutheri la Azania Front lilijengwa kati ya mwaka 1898 na 1902. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lilianza kujengwa mwaka 1897 na likakamilika 1902. Tunaomba mwangalie jambo moja tu katika kanisa la Azania Front: vipaa vidogo vya vigae vyekundu vilivyotokeza juu ya madirisha. Waliojenga walikuja na ramani ya kwao, lakini mvua ya masika na jua la saa nane viliwafundisha kwamba dirisha la huku linahitaji kofia. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Karibu na kanisa, pandeni Mtaa wa Azikiwe kwa hatua chache mpaka kwenye sanamu ya Askari, katika makutano na Mtaa wa Samora. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliotumikishwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yako katika lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na singe ya bunduki inaelekea bandarini. Kabla yake mahali hapo palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Msiwaache watoto wapite bila kuwaambia habari za wapagazi, kwa maana jina la wapagazi hao bado linatamkwa kila siku na makondakta wa daladala bila mtu kulifikiria. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa mizigo ya vita, ambao kambi yao ilikuwa pale.

Rudini chini, mpite Mtakatifu Yosefu, na mtafika penye nyumba mbili ambazo ndizo za kale kuliko zote tunazoziona leo katikati ya jiji. Moja ni Atiman House. Iliitwa hivyo kwa heshima ya Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, kisha akawatibu watu wa Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Ya pili ni Boma la Kale, kwenye kona ya Barabara ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, iliyojengwa mnamo 1866 na 1867 kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko ili kuwapokea wageni wa Majid. Humo ndani siku hizi mna kituo cha urithi wa majengo ya jiji, chenye maonyesho mazuri ya ramani na picha. Jumapili si siku ya kukitegemea. Kipangieni siku yake.

Na sasa, ndugu zetu, tuingie Uhindini, maana hapo ndipo tulipokusudia kukaa tangu mwanzo.

Pandeni Barabara ya Morogoro, vukeni Mtaa wa Samora, ambao wazee wetu waliujua kwanza kama Acacia Avenue na baadaye Independence Avenue, kabla haujapewa jina la Samora Machel, ambaye chama chake cha FRELIMO kilianzishwa katika mji huu mwaka 1962. Majina ya mitaa hapa ni kitabu kilichofunguliwa barabarani. Mtaa wa Makunganya unamkumbuka Hassan bin Omari Makunganya, aliyepambana na Wajerumani kule Kilwa wakamnyonga mwaka 1895. Kisha kuna Mtaa wa India, Indira Gandhi, Jamhuri, Libya, Zanaki, Mosque. Mtu anaweza kuzunguka robo saa akasoma nusu ya karne ya siasa bila kufungua ukurasa.

Eneo hili lote, kati ya Samora na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, halikuwa la Wahindi kwa bahati tu wala kwa kupenda tu. Wajerumani waliligawa jiji kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza katika miaka ya 1920 wakaukaza mgawanyo huo: ukanda wa kwanza wa nyumba za Kizungu, upande wa mashariki wenye upepo na bustani; ukanda wa pili wa biashara na makazi, ambao ndio huu; na ukanda wa tatu wa Waafrika, Kariakoo na kuendelea. Kati ya ukanda wa pili na wa tatu pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili watu watengane. Tunapowaongoza vijana hatuwafichi jambo hili. Mtaa mzuri unaweza kuwa umezaliwa na sheria mbaya, na mtu mzima anaweza kuyashika yote mawili kwa mkono mmoja.

Simameni mbele ya jengo lolote la kale mtakalolikuta na mlisome kuanzia juu kushuka chini. Kileleni, katikati ya ukuta wa mbele, plasta imeumbwa jua linalochomoza, au ua la yungiyungi, au herufi za jina la mjenzi pamoja na mwaka, ambao mara nyingi ni wa miaka ya 1930 au 1940. Penginepo kuna maandishi ya Kigujarati yaliyopakwa chokaa mara nyingi hata yamebaki kama makovu. Simameni pembeni wakati jua liko chini, mtayaona. Chini ya hapo kuna roshani, na kuta za matofali ya matundu zinazoruhusu upepo kupita ngazini. Juu kabisa, msikoweza kupaona kutoka barabarani, kuna paa bapa ambako akina mama walianika papadi, embe za achari na nguo, na ambako watoto wa dini zote za mtaa walirushia tiara.

Kisha shusheni macho mpaka kwenye kitu ambacho kwetu sisi ndicho roho ya mji: kibaraza. Sehemu ya chini ya jengo imerudi nyuma hatua tatu au nne, ghorofa ya juu ikabebwa na nguzo, na katikati ya nguzo na mlango wa duka pakabaki njia yenye kivuli. Jirani naye akafanya vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne, hata mtu akaweza kwenda kutoka kona hadi kona bila kupigwa na jua wala kulowa. Hakuna aliyelipwa kwa kivuli hicho. Mwenye nyumba alitoa hatua nne za kiwanja chake, ambazo angeweza kuziingiza dukani, akawaachia wapita njia.

Na wapita njia hawakupita tu. Chini ya nguzo hizo alikaa fundi cherehani na mashine yake ya miguu, fundi saa na kioo chake jichoni, muuza kahawa na birika lake na kashata zake, wazee wa bao, bawabu wa usiku, na mzee wa ghorofani aliyeshuka jioni kupunga upepo. Mwenye duka Mbohora, mteja wake Mzaramo, dalali wa Kiarabu, karani wa Kigoa, wote walikutana hapo, na lugha iliyowakutanisha ni hii tunayoizungumza jioni hii. Kama mnataka kujua Kiswahili kilivyolipokea Bara Hindi, msiende maktaba. Simameni kibarazani mkasikilize watu wakitaja laki, gari, dobi, bima, achari na chapati, pasiwepo hata mmoja anayedhani anasema neno la kigeni.

Kivuli hicho kimebaki katika mitaa kadhaa. Mtaa wa India bado una vipande vyake, Jamhuri na Mosque pia, na mitaa midogo ya kuzunguka Kisutu. Pitieni Msikiti wa Kitumbini, piteni jamatikhana ya Waismaili, mahekalu ya Kisutu, misikiti ya Mabohora na ya Mashia. Yote haya yako katika umbali ambao mtoto mdogo anaweza kuutembea bila kulalamika. Mkifika saa mbili asubuhi, tayari kuna mahali pa kunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na kula bagia au kachori, na wapenda utamu watapata jalebi. Juisi ya miwa yenye ndimu ingojeeni saa nne, jua likianza kazi yake. Tambuu ni ya jioni, na wauzaji wake mtawaona wenyewe kwa ile rangi nyekundu iliyoko chini mbele ya meza. Soko la Kisutu mtakalolikuta si lile mlilolikumbuka nyinyi mliohama. Lilivunjwa na kujengwa upya kwa ghorofa, na kwa kweli ni safi zaidi, ingawa bado masikio yetu hayajaizoea lifti katika mahali palipokuwa pa kelele za kuku.

Kuna swali ambalo wageni wetu wa ng'ambo hutuuliza kila mara tufikapo hapa, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: nyumba hizi ni za nani? Mwezi Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya utwaaji wa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yaani laki moja, zikawa mali ya umma. Nyumba iliyozidi miaka kumi haikulipiwa fidia. Zikawekwa chini ya Msajili wa Majengo, na baadaye, mwaka 1990, chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wa mjini hadi leo husema “nyumba ya Msajili”, na ndiyo maana familia iliyolijenga jengo inaweza kuwa imeishi ndani yake kwa miaka mingi ikilipa kodi, huku jina la babu likiwa bado limeandikwa kileleni.

Tunalisimulia jambo hili kwa pande zake mbili. Zipo familia zilizoweka akiba ya vizazi viwili katika jengo moja, kisha zikafunga mizigo na kwenda Leicester na Toronto, na baadhi ya watoto na wajukuu wao wamo humu ukumbini jioni hii. Haifai kuwaambia kwamba hawakupoteza kitu. Wakati huohuo, katika mji ambao sheria ya mkoloni ilikuwa imewazuia Waafrika walio wengi wasijenge upande huu wa Mnazi Mmoja, umiliki wa karibu majengo yote ya kupangisha uliangukia mikononi mwa jamii chache, na serikali changa iliyotangaza Ujamaa isingeweza kulifumbia macho jambo hilo. Kijana anayeusikia upande mmoja peke yake huutazama mtaa kwa uchungu au kwa dharau. Akizisikia pande zote mbili huutazama kwa makini, na hayo ndiyo macho tunayoyataka.

Ila kuna jambo la leo linalotushughulisha kuliko la 1971. Viwanja vya katikati ya jiji vimekuwa ghali mno, na jengo la ghorofa mbili haliwezi kushindana na jengo la ghorofa ishirini katika hesabu ya mtu yeyote. Nyumba za kale zinavunjwa moja moja, nyingine kwa ubia, nyingine na wenyewe. Nasi wakazi wa mji hatujasahau asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo mafundi waliokuwa kazini na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Mkipita hapo Jumapili, tunaomba mpite kimya.

Hatusemi kwamba kila jengo la kale lazima libaki. Yapo yaliyooza. Yapo ambayo mabomba yake yamekufa, ngazi zake zinatisha, na mama wa ghorofa ya pili hupandisha maji kwa ndoo. Anayemwambia mama huyo kwamba anaishi katika urithi wa taifa na amsaidie kwanza kubeba hiyo ndoo. Familia zinahitaji nyumba na mji unahitaji kukua. Tunalolilalamikia ni namna mji unavyokua. Tembeeni mbele ya majengo mapya na mhesabu ni mangapi yametoa zile hatua nne za kivuli. Mengi yamekuja na uzio, njia ya kupandishia magari, kioo kinachomrudishia mpita njia joto la jua, na mlinzi wa kumwambia asisimame. Mahali nguzo za jirani zilipobaki, ukuta mpya hukata njia katikati, na mtu aliyekuwa akienda kivulini hushushwa barabarani kati ya magari. Hata kwenye vibaraza vilivyobaki, wenye maduka wamesogeza majokofu, magodoro na jenereta mpaka kwenye nguzo. Kwa hili hatuwezi kumsingizia mkoloni wala Msajili.

Tunayasema haya tukijua kwamba wapo humu ukumbini watu wanaojenga, na kwamba baadhi yao wamelichangia chapisho hili la kumbukumbu kwa ukarimu mkubwa. Tunawaheshimu, na kwa sababu hiyo tunawaambia ana kwa ana. Ndugu zetu, mnapochora jengo jipya katika mtaa wenye vibaraza, mwambieni msanifu wenu aache kibaraza, kwa kimo kilekile cha jirani na usawa uleule wa sakafu. Ghorofa kumi na tisa zilizo juu fanyeni mnavyopenda. Na kabla nyundo haijapigwa, mtuite. Tutakuja na kamera na futi kamba. Tutapima ukuta wa mbele, tutapiga picha ngazi na milango, tutaandika jina na mwaka ulio kileleni. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja na haiwagharimu chochote. Na ikiwa lile jua la plasta linaweza kushushwa likiwa zima, tafadhali lisiende jalalani pamoja na kifusi.

Nanyi wenye maduka, tunawaomba jokofu lirudi ndani.

Kwa vijana tuna ombi la namna nyingine. Wengi wenu mnaishi Upanga, Mikocheni na Masaki, na mjini mnakuja kwa gari, vioo vikiwa juu, mnashushwa mlangoni pa hekalu au pa daktari wa meno, mnaondoka. Kuna babu na bibi katika nyumba zenu wanaojua duka la pembeni lilikuwa la nani, nani aliishi juu yake, na kisima kilikuwa upande gani. Hayo hayajaandikwa popote. Simu mnazotumia kurekodi ngoma za harusi zina nafasi ya kumrekodi bibi kwa saa moja. Mwulizeni aanze kwa kutaja majirani, mlango kwa mlango. Mtashangaa jinsi anavyokwenda bila kusita.

Safari yetu humalizikia Mnazi Mmoja. Tunapapenda kwa kuwa uwanja uliotengwa ili watu wasikutane umekuwa mahali pa kukutania: siku za kitaifa huwekwa mashada pale penye mnara wa kumbukumbu, na siku za kawaida watu hukaa chini ya miti wakila mihogo na kubishana juu ya Simba na Yanga. Ng'ambo ya uwanja kuna Mtaa wa Lumumba, na nyuma yake Kariakoo, ambayo inahitaji siku yake na viatu vingine. Aliye na nguvu bado anaweza kugeukia Mnara wa Saa, uliosimamishwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipotangazwa kuwa jiji. Mwenye kupenda makumbusho achukue bajaji kwenda Mtaa wa Shaaban Robert, kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940, ambamo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mwenye kuchoka aende akalale; hatutamsema.

Jumapili hii, basi, tutakuwa Feri saa 12 na nusu asubuhi, karibu na kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, upande wa baharini. Mwendo wote, pamoja na kusimama kunywa kahawa, hauzidi saa tatu na nusu. Wazee ambao magoti hayawaruhusu wasianze nasi Feri. Tumepata ruhusa ya kuweka viti katika kibaraza kimoja karibu na Kisutu, na tutawakuta hapo kama saa mbili na nusu, chai ikiwa tayari. Watoto waje na kofia. Na yeyote mwenye picha ya zamani ya nyumba yake au ya mtaa wake, hata iliyochanika, aje nayo. Tutaipiga nakala kwa simu palepale na kumrudishia mkononi mwake.